Kituo cha Myao katika Wimbo wa Taratibu

Vijana wa karakana wameniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Niliwaambia mimi si mtu wa kalamu; nilisoma mpaka darasa la nne, na darasa la tatu nililirudia. Wakasema, "Andika hivyo hivyo, fundi." Basi naandika. Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Fundi redio anayeshika waya mwekundu akidhani ni mweusi afadhali arudi nyumbani mapema, kwa usalama wake na wa wateja.

Nilianza kazi mwaka wa uhuru, katika karakana ya Bwana Jivan pale Chikongola. Kabla ya hapo nilikuwa kuli bandarini, mpaka magunia ya korosho yaliponiporomokea mguuni. Bwana Jivan alikuwa anatafuta mtu wa kukaa siku nzima, na mimi kusimama kulikuwa kumenishinda, hivyo tukaelewana. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya kunyolea ndevu, akanionyesha redio moja kubwa ya mbao iliyokuwa imekufa, akasema, "Issa, wewe safisha tu." Nikasafisha mpaka adhuhuri, kila pembe, kila mguu wa kila vali, zile taa za kioo za ndani. Akaja, akaichomeka, ikasema. Hakuwa ameigusa kwa kitu kingine.

"Unaona?" akasema. "Nusu ya ugonjwa ni vumbi. Nusu nyingine ni mwenye redio."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo na sijaona akikosea, ila ningeongeza chumvi. Upepo wa bahari unakula waya. Redio za Mikindani zilikuja zimeota kutu ya kijani, mara nyingi na mjusi ndani. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya tulikipasha kwenye jiko la mkaa umeme ulipokatika, na nyinyi mnaocheka mkisikia hivyo, subirini ukatike. Chuma cha mkaa hakikubali papara. Kikiwa baridi, risasi inakaa juu kama uji uliomwagika. Kikiwa moto mno, kinaunguza kile ulichokuja kuponya.

Namkumbuka mkulima mmoja aliyetoka vijiji vya Ruvuma na redio yake juu ya baiskeli, ameivika blanketi.

"Ina homa," akaniambia. "Usiku inatetemeka."

Ndani nilikuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo kwenye spika. Nilipomwonyesha alinishukuru, lakini blanketi hakulitoa. Wakati ule vita vilikuwa ng'ambo ya mto, na watu waliovuka kuja kwetu walitunza redio kuliko godoro. Redio ilikuwa inawaambia kama nyumbani bado kupo. Ukimrudishia mtu wa namna hiyo redio yake, usimwambie kwa haraka haraka ilikuwa na nini. Mkalishe, iwashe, muache asikilize kwanza.

Sasa nifike kwa Ernesti, maana najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake.

Ernesti tulijuana bandarini. Alikuwa Mmakonde kama mimi, ila yeye na mama yake, Mama Anjelina, walitoka upande wa Msumbiji akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuja karakana na gitaa mkono mmoja na redio bubu mkono wa pili. Akasema, "Fundi, nataka hili lisemee humu." Bwana Jivan alitikisa kichwa, lakini kazi yenyewe ilimvutia. Redio zile za zamani zilikuwa na tundu la kuchomekea gramafoni. Tulichukua kipokeo cha simu iliyovunjika, kile kidude cha kuweka sikioni, tukakifunga tumboni mwa gitaa kwa mpira wa baiskeli, waya tukaupeleka kwenye lile tundu. Ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Tukazungusha, tukafunga nati, tukatia kitambaa. Siku ya tatu gitaa likasema kwa sauti nzito, na wapita njia wakasimama.

Baharia mmoja alikuwa amemwachia santuri ya Wamarekani weusi, muziki ambao yule baharia aliuita bluzi. Ernesti aliisikiliza mpaka ikachakaa. Hakuiga maneno yake, hakuyajua. Alichukua ule uzito na ule mwendo, akautia kwenye nyimbo zetu, akiteleza juu ya nyuzi kwa shingo ya chupa ya soda aliyoivalia kidoleni. Yeye mwenyewe aliuita muziki wa kukaa. Watu walimwita Ernesti Taratibu, kwa sababu bendi aliyopiga nayo ikimwachia wimbo, hata wachezaji wa twisti walipunguza miguu. Aliwahi kualikwa Dar es Salaam kurekodi. Hakwenda. "Watanifanya niharakishe," akasema, basi.

Kila mwisho wa mwezi alipanda lori na chumvi na mafuta ya taa, akaenda kwa mama yake kijijini karibu na Ruvuma. Huko alimpigia wimbo mmoja ambao bendi haikuwahi kuupiga, akiuita tu wimbo wa mama. Mimi niliusikia mara mbili. Hauna maneno.

Alikufa kwa kifua, mvua zikiwa zinamalizika. Nilikwenda kumzika. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilikaa na wanaume nikatazama ardhi. Ndipo alipofika Che Bakari.

Che Bakari alikuwa Myao, msukaji wa vitanda vya kamba kule Mikindani. Mnajua Wayao na sisi ni watani, na mtani haji msibani kulia. Anakuja kuwazuia wafiwa wasizame. Alijilaza katikati ya njia, mbele ya jeneza.

"Huyu hapiti!" akapiga kelele. "Hapiti mpaka aseme gitaa amemwachia nani! Mimi nina kitanda cha kubadilishana!"

Wanawake wakaanza kucheka katikati ya kilio. Akainuka, akavaa kofia ya marehemu, akanyakua mchi wa kutwangia akaupakata. Akatoa ulimi pembeni ya mdomo, vile Ernesti alivyoutoa. Akakohoa kikohozi chake. Akazungusha masikio ya gitaa ambayo mchi hauna.

"Wenzake wanakaza," akasema, "yeye analegeza! Analegeza, analegeza, mpaka uzi ujambe!"

Mama Anjelina alicheka huku machozi yakimtiririka, akampiga Che Bakari begani kwa kanga. Utani ule haukuwa mgeni kwake. Che Bakari alikuwa akija pale kijijini kuuza vitanda, na Ernesti akiwapo alimpa gitaa mwenyewe, akisema, "Haya, niigize." Naye alimwigiza, akitia mbwembwe, na mama alikaa katikati yao akicheka.

Baada ya mazishi kila mtu alimkumbuka kwa njia yake. Nimeona mambo mengi ya ajabu katika kazi, lakini mwaka ule yalizidi. Fundi baiskeli wa sokoni aliandika TARATIBU kwenye madigadi ya kila baiskeli iliyopita mkononi mwake, mpaka polisi mmoja akamuuliza kama ni agizo la serikali. Kina mama wa ngoma walishona sare, wakatunga wimbo wa kumtaja. Mchonga vinyago mmoja alichonga mkono tu, wa mpingo, wenye kidole kilichovaa shingo ya chupa. Watu wakamuuliza uso uko wapi. Akajibu, "Uso wake ulikuwa wa kawaida." Mimi na Bwana Jivan tuliitengeneza upya ile redio yake ya gitaa, tukabadilisha vali, tukaipaka vanishi, tukaipa bendi bure. Bwana Jivan hakuwa mtu wa bure. Siku ile alisema, "Andika ni gharama ya vumbi."

Lakini ulipofika wakati wa kuanua matanga, Mama Anjelina akakataa. Mfiwa kwetu halali kitandani. Analala chini, mkekani, hajipaki mafuta, mpaka matanga yaanuliwe. Wazee walikwenda kumwambia siku zimetimia. Akawajibu kwa upole:

"Mwanangu alinipigia kila mwisho wa mwezi. Mwezi ule wa mwisho hakuja. Nipigieni ule wimbo mmoja, nami nitanyanyuka."

Haikuwa ukaidi. Alidhani ni jambo jepesi, maana mji ulikuwa umejaa watu wa gitaa. Kassimu, kijana aliyeshika nafasi ya Ernesti kwenye bendi, alikwenda na wenzake. Hakuwahi kuusikia ule wimbo, aliufuata kwa nilivyompigia mluzi, akapiga vizuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akawapakulia ugali na kisamvu, akasema, "Ahsante, baba. Umepiga vizuri. Lakini huyo siye." Kassimu akarudi, akajaribu njia nyingine, akaenda tena. Mama akamwambia vilevile. Ule mkono wa mpingo alikuwa ameuweka mapajani. "Mkono nimeuona," akasema. "Sauti ndiyo bado."

Mvua zikakaribia tena. Sakafu ya udongo wakati wa masika mnaijua. Mama alikuwa ameanza kukohoa, na kila aliyetoka kule alisema kikohozi ni kile kile cha mwanawe.

Kassimu alikuja karakana, akakaa kwenye boksi la vali, amechoka. "Mzee Issa, nimefuata nyuzi zote sita. Nateleza kama yeye. Kinachokosekana sikijui."

Bwana Jivan alikuwa amenifundisha jambo moja kuhusu redio iliyokuja imekufa na hakuna anayejua ilikufaje: usifungue kwanza, mtafute aliyeisikia mara ya mwisho. Nikamwambia Kassimu, "Wewe unafuata nyuzi zilizokazwa. Yule Myao msibani alisema analegeza."

"Ule si utani?"

"Ni utani. Lakini huwezi kumfanyia utani mtu usiyemjua."

Tukapanda baiskeli mpaka Mikindani. Che Bakari alikuwa kibarazani anasuka kitanda, kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, imembana kwenye kidole cha mguu.

"Che Bakari, tuna shida," nikasema.

"Mmakonde asiye na shida ni yule aliyelala kaburini. Karibuni."

Tukamweleza habari ya mama na mkeka. Akaacha kusuka. Kassimu akampa gitaa, na palepale, kwa mzaha, akalipakata, akatoa ulimi, akalegeza uzi mnene mpaka ukaning'inia, halafu na mwingine. Kidole gumba akakipitisha juu ya shingo ya gitaa, mahali ambapo mpiga gitaa yeyote angekatazwa. Akateleza kidogo. Ulikuwa ule wimbo, umevalishwa pilipili na mbwembwe, lakini ule.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulimwambia kwa heshima zote, "Che Bakari, sasa upige sawasawa, kwa ajili ya mama." Akavua kofia. Akasema bismillahi. Akakaa kama yuko mbele ya kadhi. Vidole vikafa. Hakuweza kupata hata mwanzo wake. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, kisha akamrudishia Kassimu gitaa.

"Ninyi mnanitaka nini?" akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Mimi mtani. Nikikaa hapa na uso wa msiba, nimekuwa ndugu. Ndugu hulia. Mimi nikilia, nani ataniinua?"

Nilimwelewa. Nikamwambia, "Basi twende tu. Ukapige vyovyote."

Siku zile Padri alikuwa ameleta karakana kinasa sauti cha misheni, cha betri, chenye magurudumu mawili ya kuzungusha mkanda. Kilikuwa kimegoma, nilikiponya kwa kubadilisha kamba ya mpira. Nilimwomba ruhusa nikijaribie nje kabla ya kukirudisha. Akasema, "Kijaribie popote, mradi kirudi." Tukapanda lori la mihogo, mimi nimekipakata kama mtoto.

Mama Anjelina alikuwa mkekani, amedhoofu. Kile kitanda alichosukiwa na Che Bakari kilisimamishwa ukutani, kuku wamelala juu ya ubavu wake. Majirani wakajaa uani. Niliweka kinasa sauti juu ya kinu, nikakiwasha, mkanda ukaanza kuzunguka. Che Bakari akakaa, akamtazama mama usoni, na nikaona uso wake unabadilika vilevile kama kibarazani. Vidole vikasimama juu ya nyuzi. Watu wakanyamaza. Hakuna kitu kibaya kama kimya cha watu wanaotaka jambo moja.

Mama akamtazama. Halafu akasema:

"Myao wewe, kitanda chako nimewapa kuku. Hata kuku wanalalamika."

Che Bakari akainua kichwa. "Kuku hawajazoea vitu vizuri, mama. Wamelelewa na Wamakonde."

"Mababu zako walitembea mpaka pwani wakasahau njia ya kurudi. Na wewe umesahau wimbo?"

"Sijasahau! Nasubiri harufu ya panya wako ipungue nipumue!"

Watu wakaanguka kwa kicheko, maana sisi Wamakonde tunataniwa kwa kula panya. Naye akatoa ulimi, akalegeza, akakohoa, akapiga. Aliupiga kwa mbwembwe zake zote, macho akiyazungusha, na mama akawa anapiga goti lake kwa kiganja. Ulipokwisha akasema, "Ndiye! Ndiye huyo, ila umemtia pilipili." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Rudia. Safari hii mwache apite mwenyewe."

Akarudia. Sijui alifanyaje. Ulimi ukaingia ndani, macho akayafumba, na mbwembwe zikaanguka moja moja, ukabaki wimbo mtupu. Nilikuwa nimeinama juu ya kinasa sauti, nikijifanya natazama mkanda. Akafika katikati, pale sauti inaposhuka kwenye uzi mnene, mkono ukasimama. Che Bakari akalaza paji la uso juu ya gitaa. Mabega yakaanza kutikisika.

Hakuna aliyesogea. Mtani akilia, kazi yake anaifanya nani? Sisi ndugu hatukuwa na ruhusa. Mkanda ukaendelea kuzunguka, ukinasa kimya.

Mama Anjelina akajiinua kwa mkono mmoja.

"Haya, tazameni!" akapaza sauti. "Myao analia! Wapelekeeni habari Mikindani, Myao analia!"

Kicheko kikapasuka. Che Bakari naye akacheka, pua imejaa. Mama akamsogelea, akashusha sauti, "Maliza, mwanangu. Chakula kinapoa." Akamaliza. Mama akasimama bila kushikwa, akaomba mafuta ya nazi ajipake, kisha akawaambia wanawake wafukuze kuku na waingize kitanda ndani. Jioni ile hakulala chini.

Kinasa sauti nilikirudisha misheni. Padri alinipa ule mkanda, na kila alipoleta mashine tena kwa matengenezo, niliyafanya polepole kuliko lazima. Kassimu alikuja kuusikiliza karakana mara nyingi, mpaka Bwana Jivan akaujua kwa mluzi. Kassimu alilegeza nyuzi, akapitisha gumba juu. Aliuiga wote kama ulivyo mkandani, na ndani yake akaiga kile kimya cha katikati, akidhani Ernesti ndiye aliyekiweka.

Mara ya kwanza kuupiga ilikuwa dansi la Jumapili alasiri. Alifika pale katikati, akanyamaza. Wachezaji wakasimama wameshikana, hawajui waende wapi. Halafu kuli mmoja aliyekuwapo kijijini siku ile akapiga kelele kutoka nyuma, "Myao analia!" Ukumbi ukacheka, Kassimu akashuka kwenye uzi mnene, na watu wakaendelea.

Kwa desturi ya kazi yetu, sauti ambayo haikuwemo mwanzo ni kasoro, na kasoro inaondolewa. Nilikusudia kumwambia Kassimu. Lakini kwanza nikaenda kwa Mama Anjelina, kwa kuwa wimbo ni wake. Nikamweleza kwamba wanasimama pale ambapo Ernesti hakusimama. Alikuwa anamenya mihogo, mwenye afya, mwepesi wa utani kama zamani.

"Waache," akasema. "Kifua chake kilikuwa kibovu. Ningependa apumue mahali."

Basi sikumwambia Kassimu, wala nyinyi msiwaambie wanaokuja. Jumapili iliyopita nilikwenda ukumbini, maana sasa nina nafasi. Bendi imekwisha badilika, wapigaji nusu siwajui. Waliupiga. Walipofika katikati wakanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza nao, watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Ernesti wala mama yake. Karibu na mlango alikuwa amesimama mzee mmoja wa Mikindani, vumbi la usumba limemkaa mabegani. Wakaita kwa pamoja, "Myao analia!"

"Analilia supu yenu ya panya!" akajibu Che Bakari, na gitaa likashuka.